Mlango Usifungwe: Shajara ya Klabu ya Historia, Mtwara

4 Februari

Mkuu wa shule amesaini leo. Barua yangu ilikaa mezani kwake wiki mbili, ikapata na duara la kikombe cha chai, lakini imesainiwa. Klabu ya historia itakutana kila Jumanne saa tisa na nusu, baada ya usafi, hadi mwisho wa Julai. Wanafunzi 38, kidato cha tatu na cha nne. Kidato cha kwanza na cha pili nimewaacha nje kwa makusudi, ingawa wawili watatu wameshanung'unika. Kuna mambo ambayo mtoto wa miaka kumi na tatu anaweza kuyasubiri.

Kwenye barua nimeandika lengo: wanafunzi waelewe mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, na wajifunze namna watu wanavyowakumbuka waliouawa. Sababu yenyewe sikuiandika. Mwaka jana darasani nilimwinua kijana mmoja aniambie mauaji ya kimbari ni nini. Akamwaga maelezo yote kwa Kiingereza, neno kwa neno kama yalivyo kwenye daftari, akakaa. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Sasa walikufa akina nani?" Akacheka. Darasa zima likacheka naye. Hawakuwa na ubaya wowote. Hawakuwa tu wamegundua kwamba tunazungumza habari za watu.

Bajeti: Sh 46,000. Manila, maka peni, gundi, maandazi. Nusu imetoka shuleni, nusu nimejikopesha mwenyewe na sidhani kama nitajilipa.

11 Februari

Kipindi cha kwanza. Nimeanza na neno. Nimeandika ubaoni KIMBARI, nikauliza ndani yake kuna nini. Kimya. Mmoja akasema "embe", wakacheka. Nikafuta KI, ikabaki MBARI. Hakuna aliyelijua. Nikawaambia mbari ni ukoo, watu wa shina moja. Binti mmoja wa nyuma, bibi yake yuko Newala, akasema, "Kama litawa, Madam?" Ndiyo, kama litawa. Baada ya hapo sikuhitaji kueleza sana. Mauaji ya kimbari si kuua watu wengi tu. Ni kukusudia kufuta shina.

Wameshangaa kwamba neno la kimataifa la jambo hili lilitungwa mwaka 1944 tu, na mwanasheria, Raphael Lemkin, na kwamba mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipitishwa 9 Desemba 1948. "Kabla ya hapo waliitaje?" Swali zuri. Nimeliweka kwenye boksi la maswali, ambalo ni boksi la viatu vyangu vya Idi lenye tundu juu.

Kosa dogo: niliwaeleza pia kwamba wauaji wa Rwanda waliwaita Watutsi, kabila walilokusudia kulifuta, "inyenzi", yaani mende. Nililisema haraka haraka mwishoni, kengele inagongwa. Neno kama hilo halisemwi mtu akiwa anafunga begi.

18 Februari

Leo nimeharibu. Naandika usiku huu huu kabla sijaanza kujitetea.

Nilikwenda na karatasi za rangi mbili, bluu na njano. Wazo lilikuwa watoto "wahisi" kidogo. Wenye bluu wakae, wenye njano wasimame nyuma, wasiongee mpaka wapewe ruhusa na wenye bluu. Dakika tano tu, nikajiambia, halafu tunajadili.

Dakika ya kwanza walichekacheka. Ya pili, kijana ambaye kwa mwaka mzima sijawahi kumsikia sauti alianza kuwaamuru wenzake wa njano wainue mikono, wageuke ukutani. Alikuwa na kipaji nacho. Ya tatu, mtu akasema "mende", na darasa likapasuka kicheko. Nilikuwa bado nahangaika kuwatuliza niliposikia kiti kinaburuzwa. Binti mmoja wa karibu na dirisha alikuwa ameshatoka. Yeye alikuwa na karatasi ya bluu. Alikuwa upande wa waliokaa.

Nilimkuta nyuma ya jiko la shule, amejikunja karibu na kuni. Alikuja Mtwara mwaka 2021 na bibi yake, wakitokea Palma, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, mji uliposhambuliwa Machi ya mwaka ule. Nilijua. Iko kwenye kumbukumbu zake za shule, nimeisoma mwenyewe. Na bado nilikwenda darasani na karatasi zangu za rangi.

20 Februari

Nimeongea na mwalimu wa unasihi. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Aliniuliza tu, "Wale wa njano walijifunza nini ambacho hawakukijua? Na wale wa bluu?" Wa njano walijifunza kudhalilishwa. Wa bluu walijifunza kwamba ni raha. Yule kijana wa amri tangu juzi anaitwa "Bwana Bluu", na mwenzake mmoja anaitwa jina lile jingine ambalo sitaliandika tena hapa.

Jambo jingine limenijia usiku nikakosa usingizi. Huko Rwanda, kwa miaka mingi kabla ya 1994, wanafunzi walisimamishwa darasani kwa makundi: Wahutu simameni, Watutsi simameni, mwalimu ahesabu. Nilikuwa nimelisoma hilo zaidi ya mara moja na kulipigia mstari. Nikaenda nikalifanya, kwa nia njema na karatasi za manila.

Jioni nilikwenda kwa bibi wa yule binti. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Alinitandikia mkeka, akaniletea maji, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Hujamwua mtu. Ila mtoto huyu akisikia pikipiki usiku anakaa kitandani. Ukimtaka kwenye masomo yako, mwache akae karibu na mlango, na mlango usifungwe."

Nimeondoka na kanuni ambayo sikuipata katika semina yoyote.

25 Februari

Nimeomba msamaha mbele ya klabu. Walimu hatujazoea. Sauti ilikatika katikati, nikajifanya nakohoa. Nimewaambia: zoezi lile lilikuwa kosa langu, si lenu, majina yaliyotoka siku ile yafe leo. Halafu nimewaomba waandike sheria za klabu wao wenyewe. Zimetoka sita, mbili zinahusu maandazi. Zilizobaki:

Mlango usifungwe. Anayetaka kutoka atoke, asiulizwe, arudi akitaka.

Hatuigizi. Si muuaji, si aliyeuawa.

Hatuoneshi picha za maiti.

Jina la utani la humu lisitoke nje, na la nje lisiingie.

Binti wa Palma amekuja. Amekaa karibu na mlango. Hakusema kitu, amekula maandazi mawili.

4 Machi

Ramadhani imeanza, wengi wamefunga, nusu saa tu. Tumezungumza Rwanda kabla ya kifo: milima, ng'ombe, ndizi, soko, mpira. Watu waliosema lugha moja, wakasali kanisa moja, wakaoana. Kisha vitambulisho: Wabelgiji miaka ya 1930 waliandika kabila la kila mtu kwenye kadi, na aliyezaliwa akafuata la baba yake. "Kwa hiyo kadi ndiyo iliyoua?" Hapana. Ila 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi ndiyo iliyoonesha.

Maandazi yamerudi nyumbani.

11 Machi

Hiki ndicho kipindi nilichokiogopa, na ndicho kimekuwa bora.

Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilipendwa. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji walikuwa wachekeshaji, waliongea kama vijana wa kijiweni. Katikati ya vichekesho wakawaita majirani zao mende na nyoka, na mauaji yalipoanza wakataja majina ya watu na mahali walipojificha. Nimewaeleza hivyo, bila kuigiza sauti ya mtu.

Yule "Bwana Bluu", ambaye sasa anaitwa kwa jina lake, akainua mkono. "Lakini Madam, si walikuwa wanatania? Hata sisi tunataniana. Mtani wetu anamwita baba yangu mbwa, mbele za watu, na baba anacheka."

Ningeweza kujibu, lakini niliona watoto wameinuka vitini. Utani wanaujua kuliko mimi. Mmoja akasema mtani anakutukana usoni, hakutukani redioni. Mwingine akasema mtani ukimtukana naye anakutukana, ni zamu kwa zamu. Wale wa redio walikuwa wanatukana wao tu. Ubishi ukapamba moto hadi mtu akasimulia msiba wa babu yake: watani walikuja, wakalala kwenye jeneza wakidai pesa, wakamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, watu wakacheka huku wanalia. "Halafu hao hao ndio walioshika majembe wakachimba kaburi."

Binti wa Palma aliongea kwa mara ya kwanza tangu Februari. Hakugeuka, alikuwa anatazama nje. "Mtani anakuita mbwa halafu anakuzika kama mtu."

Nimeacha kufundisha hapo. Nimeongeza moja tu: Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi zao za redio na gazeti, wawili kati yao wakiwa waanzilishi wa RTLM. Arusha, hapa hapa Tanzania. Wengi hawakujua.

18 Machi

Tarehe imeangukia vizuri bila kupanga. Usiku wa 18 Machi 1997, miaka karibu mitatu baada ya mauaji kukomeshwa, wapiganaji waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa, wakasema wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa pale pale. Rwanda imewaweka katika orodha ya mashujaa wake.

Nilipanga kuuliza "ungekuwa wewe ungefanya nini?" Nikalifuta swali hilo dakika ya mwisho. Ni swali la hila. Kila mtoto atasema angekataa, na asiyesema hivyo ataonekana mwoga, wakati hata mimi sijui ningefanya nini. Badala yake nimeuliza: kitu gani kilikuwa kimeshatokea shuleni hapo, kabla ya usiku ule, hata wakaweza kukataa pamoja? Wamekaa nalo muda mrefu. "Labda walikuwa wanakula meza moja." "Labda walikuwa na mwalimu." Nilitazama pembeni.

25 Machi

Sikufundisha. Jana ilikuwa tarehe waliposhambulia Palma. Tumefagia darasa, tumebandika manila upya, wengine wamecheza mpira. Binti hakuja shuleni kabisa, na sikutuma mtu amwulize.

8 Aprili

Dunia inakumbuka tarehe 7. Sisi tarehe 7 tunayo Siku ya Karume na shule inafungwa, kwa hiyo tumekumbuka tarehe 8.

Nimeanza na tarehe 6. Rais Habyarimana alikuwa Dar es Salaam siku ile kwenye mkutano na marais wenzake. Ndege yake ilitunguliwa ikitaka kutua Kigali jioni, akafa pamoja na Rais Ntaryamira wa Burundi. Waliokuwa wameshajiandaa kuua wakaanza usiku huo huo. "Ilitoka Dar?" wameuliza mara tatu. Kwa sababu fulani hilo limewasogezea jambo karibu kuliko ramani yangu yote.

Siku 100 hivi. Watu zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya milioni moja, Watutsi wengi mno, na Wahutu waliokataa kushiriki. Nimejaribu kuwapa kipimo: Lindi nzima, kwa sensa ya 2022, ni karibu milioni 1.2. Kilwa, Liwale, Nachingwea, Ruangwa, wote. Nimeona macho yao yakipoa. Namba kubwa haimwingii mtoto, inampita juu kama ndege. Nimeifuta.

Nikawauliza badala yake: akifa mtu kwenu, mnafanya nini? Hapo kila mtu ana la kusema. Kuosha, sanda au sanduku, kuzika, matanga, kuanua tanga, arobaini, hitima. Wakristo wa Masasi wakaongeza ibada na msalaba. Nimeandika zote ubaoni, na pembeni ya kila moja tumeandika nani anafanya: mtoto wa marehemu, mjomba, shangazi, jirani, mtani. Ubao umejaa ndugu.

Kijana mmoja mfupi wa mbele, asiyependa historia na amekuja klabu kwa ajili ya maandazi (alishakiri), akatazama ubao, akasema taratibu: "Sasa kama mbari yote imekufa, tanga anaanua nani?"

Wanyarwanda wanazo familia za namna hiyo. Wanaziita zilizozimika, kama taa. Baba, mama, watoto, wote, hakubaki hata mmoja wa kutaja majina. Vijana walionusurika wamezunguka nchi wakizihesabu, zimepita 15,000. Wana usiku maalumu wa kuzikumbuka, na wanaozikumbuka si ndugu, maana ndugu hakuna.

Nimesema hayo nikanyamaza. Nilidhani watalia, nilikuwa na leso mfukoni. Hawakulia. Walikuwa wanatafuta jibu ubaoni. Na aliyelipata ni yule yule wa maandazi. Alikwenda mbele, akachukua chaki bila kuomba, akazungushia neno MTANI.

Tumesimama dakika moja kimya. Kwibuka, kwa Kinyarwanda, ni kukumbuka. Wameisikia wakaielewa bila tafsiri. Mlango ulikuwa wazi, upepo wa bahari ukapeperusha manila mbili.

15 Aprili

Kikao na wazazi. Wamekuja kumi na mmoja. Baba mmoja alisimama kabla sijamaliza salamu: "Mwalimu, hapa kusini tunaishi vizuri. Nyie mnawafundisha watoto kuchinjana?" Mama mmoja akamjibu kabla yangu, amekaa, mtoto mgongoni: "Kuchinjana wanakuona kwenye simu, usiku, peke yao, hakuna mwalimu. Bora huku kuna mtu." Nimewasomea sheria za klabu, wakapenda ile ya mlango. Yule baba amemwondoa mwanawe hata hivyo, kwa adabu, na ni haki yake. Tumebaki 37.

Siku hizo hizo mwalimu mwenzangu mmoja akaniambia koridoni kwamba nachelewesha mada za mtihani. Nachelewesha kweli, kwa saa moja ya Jumanne.

29 Aprili

Mwalimu wa Biolojia ni mwenyeji wa Ngara, mpakani na Rwanda. Mwaka 1994 alikuwa na miaka tisa. Nilimwomba Februari azungumze na klabu, akakataa. Wiki iliyopita akaja mwenyewe: "Nitaongea robo saa. Sitajibu maswali."

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikaota kama uyoga. Yeye hakutaja namba. Alisimulia vibuyu na majembe, na magodoro vichwani, barabara imejaa kutoka asubuhi mpaka giza. Alisimulia mama yake akipika uji katika sufuria la harusi. Alisimulia mvulana mmoja waliyecheza naye gololi miezi kadhaa, hadi wakimbizi waliporudishwa Desemba 1996.

Kisha akasema kitu ambacho mimi nisingethubutu kukisema kwa watoto wa kidato cha tatu. Wengi wa waliovuka siku zile hawakuwa wakiwakimbia wauaji. Walikuwa wakilikimbia jeshi lililokuwa linawashinda wauaji, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka kuua. "Baba wa yule rafiki yangu, sijui alikuwa nani. Mpaka leo sijui. Mama alimpa uji."

Akatoka. Hakuna aliyepiga makofi, na nimefurahi. Kwenye boksi la maswali nimekuta karatasi sita, na tano zinauliza jambo moja: mama alikosea? Sijazijibu. Nimezibandika ukutani zote tano pamoja.

13 Mei

Leo Akayesu, kwa ufupi. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari ilisomwa Arusha, 2 Septemba 1998. Jean-Paul Akayesu alikuwa kiongozi wa wilaya ndogo ya Taba, na kabla ya hapo mwalimu. Nimelitamka neno mwalimu nikiwa nimeshika chaki. Katika hukumu ile kuna sehemu ya ubakaji, yenye uzito mkubwa katika sheria za dunia. Nimesema ipo, nimesema neno, sikuingia ndani. Wa kidato cha nne wanaotaka wataisoma na mimi na mwalimu wa unasihi, si mbele ya watu.

Tulikuwa tunamaliza pale kaka wa klabu aliposoma swali kutoka kwenye boksi: "Wajerumani waliwaua Waherero na Wanama kule Namibia wakati ule ule wa Maji Maji. Kwa nini ya kwao inaitwa kimbari na ya kwetu inaitwa vita?"

Haya sasa. Nimewapa ninachokijua. Namibia, 2 Oktoba 1904, jenerali von Trotha alitoa amri ya maandishi ya kuwaangamiza Waherero. Nia imeandikwa na kutiwa saini, na Mei 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuiita mauaji ya kimbari. Kwetu, Maji Maji ilianza Julai 1905 milima ya Umatumbi, Nandete, mkoa wa Lindi huu wa jirani. Jeshi la Gavana von Götzen likachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua zaidi kuliko risasi. Wajerumani walihesabu 75,000. Wanahistoria wetu wanafika mpaka 300,000. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha. Neno kimbari hakulitumia, na wanahistoria wenyewe wanabishana.

"Lakini mkataba unasema nia," akasema kaka wa klabu. "Anayechoma ghala la mtu, nia yake ni nini?"

Tumebishana mpaka mlinzi akaja na funguo. Nusu wanasema kimbari, nusu wanasema vita vya kikatili. Binti wa Newala alisema haimsumbui jina, linalomsumbua ni kwamba Songea wana siku yao ya kumbukumbu kila 27 Februari na watu wa Umatumbi na Liwale hawasikiki. Sijawapa jibu kwa sababu silinalo. Nimewapa kazi: andika upande usioukubali, ukurasa mmoja. Wamelalamika kama nimewaambia wabebe zege.

3 Juni

Tunafunga shule Ijumaa. Kazi ya likizo: swali moja tu kwa mtu mzima mmoja. "Nani unamkumbuka ambaye watu wengine wamemsahau?" Ukijibiwa, sikiliza. Akinyamaza, nyamaza naye, usiulize tena. Usirekodi kwa simu.

Tarehe 16 Juni itatukuta likizo. Wanaijua kama Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa ajili ya Soweto 1976. Wachache wanajua kwamba tarehe hiyo hiyo, mwaka 1960, Wareno walifyatulia risasi umati Mueda, ng'ambo tu ya mto hapa, na kwamba baadhi ya wazee wa Kimakonde wa mitaa hii walivuka Ruvuma miaka ile. Nimelisema bila kulisukuma. Anayetaka ataulizia.

15 Julai

Tumerudi tisa pungufu. Msimu wa kupulizia salfa mikorosho, vijana wako mashambani, na waliopo wana macho mekundu.

Majibu ya likizo yamekuja 22. Mengine mistari miwili. Babu mmoja alimtaja mbwa wake, na mjukuu ameandika kwa uaminifu wote, jina na rangi. Bibi mmoja alitaja mtoto aliyemwacha njiani akivuka mto, akanyamaza, na mjukuu akanyamaza naye, "mpaka mwadhini akaadhini." Hakuna zaidi ya hapo kwenye karatasi. Nimeisoma mara moja nikaifunga.

Nilikuwa nimepanga kuyasoma majibu hadharani siku ya wazazi. Sitafanya hivyo. Wazee waliwaambia wajukuu zao, hawakuniambia mimi.

22 Julai

Naliendele, makaburi ya mashujaa. Tumepata kibali, daladala ya kukodi imetugharimu Sh 40,000 za michango ya wazazi, na yule baba aliyemwondoa mwanawe amechangia. Sijui niseme nini.

Nimewaeleza tangu shuleni: waliolala pale ni askari wetu waliokufa enzi za kuikomboa Msumbiji. Si mauaji ya kimbari, na tusichanganye. Shujaa aliyekwenda na bunduki na mtoto aliyetolewa kanisani hawakumbukwi kwa namna moja. Wakaniuliza basi tunakwenda kufanya nini. Wa maandazi akajibu: "Kufagia."

Ijumaa ni Siku ya Mashujaa na pale palikuwa pameshafagiliwa vizuri kuliko shule yetu. Wamefagia tena. Kila mmoja alichagua kaburi, akasoma jina kwa sauti, akang'oa majani mawili matatu yaliyokuwepo. Mmoja alianza kumtania marehemu wake, eti ulikimbilia wapi jeshini huku shamba lako la mihogo limejaa nguruwe. Nikataka kumkemea. Askari mlinzi, mtu mzima, akacheka akasema, "Mwache. Wa kwetu huyo."

Binti wa Palma hakuchagua kaburi. Alikaa getini, geti lilikuwa wazi. Wakati wa kuondoka aliniuliza kama Rwanda wanaruhusu mtu wa nje kuandika jina la mtu wa nje. Nikamwuliza jina gani. Akasema, "Bado."

29 Julai

Kipindi cha mwisho kabla ya kidato cha nne kuzama kwenye maandalizi ya mtihani. Salio: Sh 1,300 na manila moja. Kidato cha tatu wanataka kuendesha klabu wenyewe mwakani, na wameandika upya sheria kwa maka peni kubwa ziwekwe mlangoni. Wameongeza ya saba: "Mwalimu nae akikosea aombe msamaa." Tahajia nimeiacha ilivyo. Tumekosa msumari, kwa hiyo kwa sasa manila imeshikiliwa na kofuli la mlango, ambalo haliwezi kufungwa likiwa limeishika.